Kelele Si Nguvu: Kutengeneza Ekzosi ya Lori la Kikundi

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina gari. Wengine wamechanga miaka mingi wakanunua Canter iliyokwisha kutumika, wengine wana pikapu, wengine trekta. Na wote, mapema au baadaye, husikia maneno haya kutoka kwa dereva au fundi: "Gari halivuti. Tubadilishe ekzosi lipate nguvu."

Je, maneno hayo ni ya kweli? Wakati mwingine ni kweli kabisa. Wakati mwingine ni njia ya kupoteza pesa za wanachama. Na wakati mwingine, kama ilivyotupata sisi, nusura iwe njia ya kupoteza watu. Katika ukurasa huu tutaeleza kazi ya ekzosi, yaani bomba la moshi, jinsi inavyoziba, namna ya kuiboresha, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

YALIYOTUPATA SISI

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuna lori dogo, Canter ya zamani ya dizeli. Kazi yake ni kuchukua nazi, machungwa, maembe na mihogo ya vikundi kutoka milima ya Kwale, kushuka mpaka Kombani, kuvuka feri ya Likoni na kuingia kisiwani Mombasa mpaka Marikiti, pale Barabara ya Digo, ukingoni mwa Mji wa Kale. Kurudi haliendi tupu. Hupakia saruji, mabati na unga, na hapo ndipo kilima cha Kwale hulipima.

Basi lori likaanza kuchoka. Kilima ambacho zamani lilikipanda kwa gia ya tatu, sasa likawa lapanda kwa gia ya pili, likitoa moshi mweusi kama jiko la mkaa mbichi. Tukalipeleka kwa fundi mmoja kisiwani. Akalizunguka mara moja, akaipiga silensa teke, akasema, "Hii ndiyo yawaziba pumzi. Niachieni mimi." Akakata kila kitu kuanzia karibu na injini mpaka nyuma, akachomelea bomba jipya, pana, lililonyooka, bila silensa yoyote. Vyuma vizee akatutilia kwenye gunia. Tukamlipa pesa za safari sita za nazi.

Lo! Lori liliunguruma. Dereva akafurahi, utingo akafurahi, nasi wanakamati tukafurahi. Na kilimani kweli lilipanda vizuri kidogo kuliko mwanzo. Tukasema, kumbe kelele ndiyo nguvu! Kosa letu lilianzia hapo. Tutakirudia kisa hiki mbele, maana ili kukielewa ni lazima kwanza tuielewe ekzosi yenyewe.

EKZOSI INA KAZI GANI?

Injini hupumua kama mtu. Ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka, na kazi yake huenda kwa hatua nne. Kwanza huvuta hewa. Pili huibana hewa hiyo mpaka iwe moto sana. Tatu, dizeli hupulizwa ndani na nozeli, huwaka, na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hiyo ndiyo hatua pekee inayozaa nguvu. Nne, pistoni hupanda tena ili kuutoa nje moshi uliobaki.

Sasa fikiria mtu anayepanda mlima na gunia la mahindi begani, halafu mwenzake amemziba mdomo kwa kiganja. Anaweza kuvuta hewa, lakini kuitoa ni taabu. Hatafika mbali. Injini yenye ekzosi iliyoziba ndivyo ilivyo. Pistoni hutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma moshi utoke. Tena moshi usiotoka wote hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi. Hewa ikipungua, dizeli haiwaki yote. Ile isiyowaka hutoka kama masizi meusi. Kwa hiyo moshi mweusi mnaouona nyuma ya lori ni dizeli mliyoinunua kwa pesa zenu, ikatoka bila kufanya kazi.

Moshi huo hupita mahali kadhaa. Kwanza ni manifoldi, chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini kinachokusanya moshi wa silinda zote. Katika malori mengi hufuata breki ya ekzosi, ambayo tutaieleza. Halafu ni bomba la mbele, silensa, na bomba la nyuma. Injini ikibeba mzigo mzito, moshi unaotoka kwenye manifoldi unaweza kupita joto la nyuzi 500. Ndiyo maana si kila bomba lafaa, wala si kila mahali panafaa kulipitisha.

JAMBO AMBALO MAFUNDI WENGI HAWALISEMI

Katika injini ya dizeli, nguvu hutoka kwenye dizeli. Ekzosi haizai nguvu. Kazi yake ni kuacha kuila nguvu iliyokwisha kupatikana. Kama ekzosi yenu ya kiwandani iko salama, haijaziba wala haijabonyea, basi kuweka bomba pana zaidi kutaleta mabadiliko madogo tu, na pengine hamtayaona. Lakini kama imeziba, kuifungua ni kama kumwondolea mtu kiganja mdomoni.

Ndiyo maana swali la kwanza si "Tuweke ekzosi gani?" Swali la kwanza ni "Kitu gani kimeziba, na wapi?"

MAHALI PA KUANGALIA KWANZA

Kabla ya kukata chochote, kagueni mambo haya kwa utaratibu. Mengi hayahitaji pesa. Fanyeni hivyo injini ikiwa baridi na imezimwa, na magurudumu yamewekewa mawe.

1. Filta ya hewa. Barabara zetu za vumbi huijaza upesi. Itoeni, itazameni kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi na mwanga haupenyi, hapo ndipo pumzi inapokatikia, hata kabla hewa haijafika kwenye injini. Filta mpya ni rahisi kuliko ekzosi yoyote.

2. Breki ya ekzosi. Ndani ya bomba, karibu na injini, mna kifuniko cha chuma kinachozunguka kama sahani. Masizi na kutu vikikishika, hubaki nusu kimefungwa siku zote. Hapo lori hupanda kilima likiwa limefungwa breki! Mtu mmoja awashe swichi ndani ya kebini, mwingine atazame kama mkono wa kifuniko wafunga na kufungua mpaka mwisho. Kwa kuwa magari mengine hayaifanyi kazi mpaka injini iwake, jaribio hili lifanywe na fundi, gari likiwa limesimama.

3. Bomba lenyewe. Litambaeni kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, jiwe limelibonyeza? Je, kona imejikunja ikawa bapa?

4. Maungio na gasketi. Moshi unaovuja huacha mstari mweusi wa masizi. Mkisikia sauti ya "tik-tik-tik" ubavuni mwa injini asubuhi, ikipungua gari likipata moto, huenda gasketi ya manifoldi imepasuka.

5. Silensa. Ipigeni taratibu kwa ngumi ikiwa baridi. Ikilia kama mfuko wa misumari, vibati vya ndani vimevunjika na huenda vimejikusanya mahali pamoja na kuziba njia.

6. Nozeli na pampu ya dizeli. Nozeli iliyochakaa haipulizi ukungu mwembamba, hudondosha matone. Matone hayawaki vizuri, na moshi mweusi hauishi hata mkiweka ekzosi ya dhahabu.

Rangi ya moshi nayo husema. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Wa samawati ni oili inayoungua, yaani pete za pistoni au vali zimechoka. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyowaka kabisa, au maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa samawati na mweupe hautibiwi kwa ekzosi. Fundi akiwaambia vingine, mwombeni awaeleze vizuri.

KIDOGO KINAVYOKUWA KIKUBWA

Hapa tufanye hesabu ndogo, maana inafaa kila mtunza hazina aijue. Nafasi ya moshi kupita ndani ya bomba haiongezeki kwa kipimo kile kile cha upana wake. Mnapaswa kuzidisha upana kwa upana.

Bomba la inchi 2: mara 2, ni 4.
Bomba la inchi 2 na nusu: mara 2 na nusu, ni 6 na robo.
Bomba la inchi 3: mara 3, ni 9.

Mwaona? Kutoka inchi 2 na nusu hadi inchi 3 ni nusu inchi tu, lakini njia imepanuka karibu mara moja na nusu. Na kinyume chake pia ni kweli. Bomba la inchi 3 likibonyea mahali pamoja, moshi ukabaki na njia kama ya bomba la inchi 2, basi njia imepungua zaidi ya nusu, hata kama bomba lililobaki lote ni zuri. Ni kama foleni ya feri: barabara iwe pana namna gani, watu hupita kwa upana wa lango.

Kwa hiyo kona moja mbaya huharibu kazi yote. Fundi akitaka kulikunja bomba kwa moto, mwambieni alijaze mchanga kwanza na kuuziba pande zote, ili kona isibonyee. Mchanga uwe mkavu kabisa. Mchanga wenye maji ukipashwa moto hutoa mvuke unaoweza kulipasua bomba na kumuumiza. Au atumie kona zilizotengenezwa kiwandani, achomelee.

NAMNA YA KUIBORESHA EKZOSI

Baada ya ukaguzi, kama ni kweli ekzosi imechakaa, haya ndiyo mambo ya kufanya.

Chagueni bomba sawa na la kiwandani, au pana kidogo tu. Pana kupita kiasi ni uzito na gharama, na mara nyingi halipati nafasi chini ya chesisi, likagonga springi au shafti.

Punguzeni kona. Kila kona mnayoiondoa ni bora kuliko kuongeza upana.

Wekeni silensa nzuri. Ziko silensa ambazo moshi hupita moja kwa moja katikati, kwenye bomba lenye matundu, na kuzunguka bomba hilo mna pamba ya chuma au ya kioo inayomeza sauti. Hizi hupitisha moshi vizuri na bado hutuliza kelele. Silensa si adui wa nguvu. Adui ni silensa iliyoziba.

Bomba lisiwe la maji. Kuna mafundi wanaotumia mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua, na bomba lenyewe ni zito. Ulizeni bomba la ekzosi. Huku pwani hewa ya chumvi hula chuma upesi. Kama mna uwezo, nunueni bomba la chuma kisichoshika kutu. Ni ghali mwanzoni, lakini hudumu.

Injini hutikisika, chesisi haitikisiki vivyo hivyo. Kwa hiyo lazima kuwe na kipande kinachonyumbulika karibu na injini, na bomba lining'inizwe kwa raba. Likifungwa kwa chuma kitupu, litapasuka kwenye maungio, au litaipasua manifoldi.

Msizibe kitundu kidogo kilicho chini ya silensa. Hicho ni cha kutolea maji. Moshi una mvuke ndani yake, na katika safari fupi fupi za mjini maji hayo hayakauki. Yakituama, silensa huoza kutoka ndani.

Bomba lisipite karibu na tangi la mafuta, nyaya, paipu za breki wala mbao za bodi. Na kabla ya kuchomelea kitu chochote, nyaya za betri zifunguliwe.

Gasketi za zamani huenda zikawa na asbesto. Msizikwangue zikiwa kavu wala kupuliza vumbi lake. Zilowesheni kwanza.

MALORI YENYE TABO

Malori mengi makubwa, na madogo ya miaka ya karibuni, yana tabo. Hiki ni kifaa chenye mapanga mawili kwenye mhimili mmoja. Moshi huzungusha panga la upande huu, na panga la upande wa pili husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Kwa gari la namna hii ekzosi ina maana zaidi. Njia ya moshi baada ya tabo ikiwa wazi, tabo huzunguka mapema na injini hupata hewa zaidi.

Lakini angalieni: kati ya injini na tabo msiguse kitu ovyo. Uvujaji wowote hapo huiba moshi ambao ungezungusha panga. Na chembe moja ya chuma cha kuchomelea ikidondoka ndani, itayavunja mapanga, na tabo mpya yaweza kumaliza akiba ya kikundi.

Jambo jingine ni "kufungua pampu". Baada ya kuweka ekzosi mpya, fundi husema aongeze dizeli ili nguvu ionekane. Nguvu itaonekana kweli, na moshi mweusi pia, na joto ndani ya injini litapanda. Pistoni zimeyeyuka kwa namna hiyo. Pampu ipimwe kwenye mashine yake, kwa kipimo cha kiwanda, isikisiwe kwa sikio.

MALORI YENYE KICHUJIO CHA MASIZI

Malori ya dizeli ya miaka ya karibuni yanayoletwa kutoka Japani mara nyingi yana kichujio ndani ya ekzosi. Hukamata masizi, halafu kompyuta ya gari huyachoma kwa joto kubwa. Safari zikiwa fupi fupi, kama za Marikiti na Kongowea, joto hilo halipatikani. Kichujio hujaa, taa huwaka kwenye dashibodi, na gari hupoteza nguvu.

Mafundi wengine hukitoboa au kukitoa kabisa. Tunawashauri msifanye hivyo. Kompyuta ya gari huchanganyikiwa, na masizi yote huenda kwa watu. Taa ikiwaka, fuateni kitabu cha gari, liendesheni mwendo mrefu wa barabara kuu au lipelekeni kichujio kikasafishwe. Kikwazo cha zamani kilikuwa dizeli yenye salfa nyingi, lakini Januari 2015 Kenya ilianza kutaka dizeli inayouzwa nchini isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni moja. Basi nunueni kwenye kituo mnachokiamini, si kwenye jerikeni za kando ya barabara.

MOSHI UNA MAJIRANI

Sasa turudi kwenye lori letu lililounguruma. Alfajiri moja tuliingia nalo Mji wa Kale kupeleka nazi dukani. Wanaopajua hapo wanajua: njia ni nyembamba, nyumba za mawe ni ndefu pande zote mbili na roshani zimetokeza juu. Moshi ukiingia hauna pa kutokea. Huingia madirishani. Mama mmoja mzee alikuwa barazani akipika mahamri. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Lakini lori lenu lina nini? Moshi waingia mpaka kwenye karai, na huyu mjukuu wangu ana pumu, tangu mlipopita hajatulia."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumezilipia kelele zile na moshi ule kwa pesa za nazi.

Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Watoto, wazee na wenye pumu huumia haraka zaidi. Na Mji wa Kale una mzigo wake zaidi: nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na masizi hung'ang'ania kuta hizo. Mwaka 1990 mji huo ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Ni urithi wa wote.

Sheria pia ipo. Kanuni za barabarani za Kenya zinataka kila gari la injini liwe na silensa inayofanya kazi. Mwaka 2009 zilitungwa Kanuni za kelele na mtikisiko, na mwaka 2014 Kanuni za ubora wa hewa, chini ya sheria ya mazingira. Gari linalonguruma na kutoa moshi laweza kusimamishwa, na faini italipwa na kikundi, si na fundi.

Kuna jambo dogo ambalo halina gharama: mdomo wa bomba uelekee wapi? Kenya twaendesha upande wa kushoto. Bomba linalotoka kushoto hupuliza moja kwa moja vibarazani na kwa wapita njia. Likielekezwa nyuma, au kulia, majirani hupona kidogo.

BREKI ILIYOKATWA

Baada ya siku chache likaja jambo kubwa zaidi. Ilikuwa safari ya kwanza ya kushuka Kwale na mzigo kamili baada ya matengenezo. Lori lilijaa machungwa, na kebini mlikuwa na mama wawili wa kikundi. Kwenye mteremko wa kwenda Kombani dereva akawasha breki ya ekzosi kama kawaida yake. Hakuna kitu. Akatumia breki ya mguu, akaikanyaga, akaikanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaja, halafu moshi kwenye magurudumu, na breki ikaanza kulegea. Mungu alisaidia, naye ni dereva mzoefu: alirudisha gia moja moja mpaka chini, akaliingiza lori kwenye nyasi za kando, likasimama. Utingo akaruka na jiwe kulizuia gurudumu. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza.

Ile breki hufanya kazi namna hii. Dereva akiwasha swichi, kile kifuniko cha bomba hufunga, moshi unabanwa, na pistoni hupata taabu kuusukuma. Taabu hiyo hupunguza mwendo wa magurudumu bila kuchosha breki za mguu. Mlimani ni uhai. Na fundi wetu alipokata "kila kitu" alikata na hiyo. Hakutuambia, nasi hatukuuliza.

Tukalipeleka lori kwa mzee mmoja mwenye karakana Shimanzi. Akaomba kuona vyuma vizee. Bahati tulikuwa bado na lile gunia. Akatoa kile kifuniko, akajaribu kukizungusha, hakikuzunguka. Kilikuwa kimeshikwa na masizi, nusu kimefungwa. Akacheka kidogo. "Wanangu," akasema, "nguvu mliyoipata ilitoka hapa. Kiganja kiliondolewa mdomoni. Hizo kelele hazikuwapa kitu. Kingesafishwa hiki, mngepata nguvu ile ile, na breki yenu mngekuwa nayo."

Kisha akafungua filta ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi la Kwale. Fundi wa kwanza hakuigusa.

Mzee akakisafisha kifuniko, akakirudisha mahali pake, akakipima mbele yetu. Akaweka filta mpya, akafuata bomba la upana wa wastani lenye kona mbili tu, kipande kinachonyumbulika, na silensa ya kupitisha moja kwa moja. Mdomo akauelekeza nyuma. Leo lori lapanda Kwale kwa gia ya tatu, moshi ni mwepesi, na ukisimama Marikiti waweza kuzungumza na mtu bila kupiga makelele. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Sisi tulilinunua debe.

PIMENI WENYEWE

Msiamini sikio, wala la dereva wala la fundi. Pimeni. Kabla ya matengenezo, jazeni tangi mpaka mdomoni, andikeni kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Fanyeni safari yenu ya kawaida na mzigo wa kawaida. Jazeni tena mpaka mdomoni, kituo kile kile, mkaandike lita zilizoingia. Tuseme mmekwenda kilomita 240 na zimeingia lita 48. Gawanyeni: ni kilomita 5 kwa lita. Rudieni safari tatu. Baada ya matengenezo fanyeni vivyo hivyo. Tuseme sasa ni lita 40 kwa safari ile ile, basi ni kilomita 6 kwa lita, na kila safari mmeokoa lita 8. Hapo mtunza hazina anaweza kusema ni safari ngapi zitarudisha gharama. Kama hesabu haikubadilika, basi mmenunua kelele.

Pimeni na kilima pia: kilima kile kile, mzigo ule ule, gia gani?

KABLA YA KULIPA, MUULIZENI FUNDI

- Umejuaje kwamba shida iko kwenye ekzosi? Tuonyeshe.
- Umeangalia filta ya hewa na nozeli?
- Katika utakavyovikata, kuna breki ya ekzosi, au kifaa chochote cha kompyuta?
- Bomba ni la upana gani, la chuma gani, na kona ngapi?
- Silensa itakuwepo?
- Vyuma vizee utatupa?
- Kazi ikiharibika katika miezi mitatu, utairudia?

Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Na watu wawili wa kikundi wawepo kazi ikifanywa, mmoja wao awe dereva. Kila kitu kilichobadilishwa kiandikwe kwenye daftari la gari, na kabla ya safari ya kwanza yenye mzigo, breki zote zijaribiwe mahali pa tambarare.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Gari letu, au gari tunalolikodi, hutumia lita ngapi kwa safari? Nani anaandika?
2. Mara ya mwisho kutazama filta ya hewa ilikuwa lini?
3. Nani hukata shauri juu ya matengenezo: dereva peke yake, mwenyekiti, au kamati?
4. Tunapoegesha na kuacha injini ikiwaka, ni nani anayevuta moshi wetu?

Jadilianeni, kisha mtuandikie mliyoyaona kwenye magari yenu. Sisi tulijifunza mteremkoni. Tungependa ninyi mjifunze kwenye mkutano, mmekaa chini ya mwembe.